Kumwajiri Mlezi wa Watoto: Uchunguzi wa Kufanya Kabla Hajakabidhiwa Mtoto

Nafasi ya mlezi katika kituo cha kulelea watoto aghalabu hubaki wazi ghafla. Mmoja ameugua, mwingine amehama, wa tatu ametoa taarifa ya wiki moja tu, na kesho yake asubuhi wazazi watafika mlangoni na watoto wao kama kawaida. Msimamizi aliyebanwa hivyo huwa tayari kumpokea yeyote anayeonekana mpole na anayeweza kuanza kazi mara moja, huku akijiambia kwamba mambo ya karatasi yatafuata baadaye. Siku chache zikipita bila tatizo, mgeni yule amekwisha kuwa mwenyeji, na kumdai wadhamini au kumuuliza alikuwa wapi miaka miwili iliyopita kunaanza kuonekana kama utovu wa adabu.

Mambo mawili huwaangusha waajiri wa walezi kuliko mengine yote: haraka na haya. Mtu mwenye nia mbaya anayetafuta kazi karibu na watoto hajitokezi akiwa na sura ya kutisha, bali hujitahidi kupendeza, kusaidia na kuaminika, na hukitafuta kituo chenye upungufu wa wafanyakazi na kinachoona aibu kuuliza maswali. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata tangu tangazo la kazi hadi siku mfanyakazi anapoondoka, na kila hatua imekusudiwa kuyaondoa mambo hayo mawili. Umeandikwa kwa ajili ya mmiliki au msimamizi wa kituo, ingawa mzazi naye anaweza kuutumia kujua maswali ya kuuliza kabla ya kumwacha mtoto wake mahali popote.

Wajibu huu si hisani ya mwajiri. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unasema katika Kifungu cha 3 kwamba taasisi zinazohusika na malezi ya watoto zinapaswa kufuata viwango vilivyowekwa na mamlaka, hasa kuhusu usalama, afya, idadi ya wafanyakazi na kufaa kwao kwa kazi hiyo. Kifungu cha 19 kinadai mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa kimwili na wa kiakili, kutelekezwa na kunyanyaswa kingono akiwa mikononi mwa mzazi, mlezi au mtu mwingine yeyote anayemtunza. Sheria za nchi husika ndizo zinazoweka utaratibu wenyewe, na ni lazima msimamizi azijue. Lakini hata pale sheria inapodai machache, yafuatayo yanaweza kufanywa na kituo kidogo kabisa chenye walezi watatu.

Maandalizi kabla ya tangazo

Andika kwanza maelezo ya kazi kwa lugha ya wazi: umri wa watoto, majukumu, nani atamsimamia mfanyakazi, na ni nyakati gani atahusika na mambo ya faragha ya mtoto kama vile kubadilisha nepi, kumpeleka chooni na kumlaza. Kisha weka ndani ya tangazo lenyewe sentensi mbili zinazosema kwamba kituo kinazingatia ulinzi wa mtoto, na kwamba kila mwombaji atachunguzwa utambulisho wake, historia yake ya kazi, wadhamini wake na rekodi yake ya jinai kabla ya kuanza kazi. Sentensi hizo zina kazi mbili. Humwondolea mwombaji mwema mshangao na hisia kwamba anashukiwa yeye binafsi, na huwafanya baadhi ya watu ambao hukutaka kuwaona wasiombe kabisa.

Panga pia muda. Hesabu siku zinazohitajika ili barua za wadhamini zirudi na hati ya polisi ipatikane, kisha uanze kutafuta mapema kwa kiasi hicho. Kituo chenye walezi wawili wa akiba waliokwisha kuchunguzwa, wanaoweza kuitwa mtu anapougua, kimejiondolea sehemu kubwa ya haraka niliyoieleza hapo juu, na kwa maoni yangu fedha za kuwachunguza walezi hao wa akiba ni miongoni mwa matumizi yenye manufaa makubwa kuliko yote katika bajeti ya kituo.

Fomu ya maombi, na mapengo yake

Usitegemee wasifu pekee. Katika wasifu mwombaji huchagua aseme nini na anyamaze wapi, ilhali katika fomu ya kituo maswali ni yako na kila mwombaji hujibu yaleyale. Fomu iulize majina yote ambayo mtu amewahi kuyatumia, yakiwemo ya kabla ya ndoa na ya utotoni. Anwani zote za miaka ya karibuni. Historia ya kazi na masomo tangu alipomaliza shule. Sababu ya kuacha kila kazi. Na wadhamini wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa ni mwajiri wa mwisho. Mwishoni kuwe na tamko lenye sahihi kwamba maelezo ni ya kweli, na kwamba kudanganya kunatosha kumwondoa mtu katika maombi au katika kazi.

Tarehe ziandikwe kwa mwezi na mwaka. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tazama: mwombaji akiandika kwamba aliacha kazi moja mwaka 2019 na akaanza nyingine mwaka 2020, huenda pengo ni la wiki moja kati ya Desemba na Januari, na huenda ni la karibu miaka miwili, tangu Januari 2019 hadi Desemba 2020. Miaka mitupu huficha kifungo, kufukuzwa kazi, au kituo kizima ambacho mwombaji hataki ukipigie simu. Vilevile huficha mambo ya kawaida kabisa, kama vile kumuuguza mzazi, kujifungua au kukosa ajira, ndiyo maana kazi ya msomaji wa fomu ni kuuliza wala si kuhukumu. Penye pengo la zaidi ya mwezi mmoja, weka alama, na swali liulizwe katika usaili kisha jibu liandikwe.

Angalia pia kuhama kusiko na maelezo. Mtu aliyefanya kazi katika vituo vitano kwa miaka mitatu, kila kimoja katika mji tofauti, anaweza kuwa na sababu njema, lakini sababu hiyo unapaswa kuisikia kwa masikio yako na kuithibitisha kwa waajiri wale. Fomu zisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kulinganisha waliyoyaona.

Wadhamini

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi na ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Barua iliyoletwa mkononi na mwombaji mwenyewe, yenye anwani ya "Kwa yeyote anayehusika", haithibitishi chochote. Hujui nani aliiandika, aliiandika lini, wala kama alijua inapelekwa kwenye kazi ya kulea watoto.

Nchini Uingereza, mwezi Agosti 2002, wasichana wawili wenye umri wa miaka kumi waliuawa katika mji wa Soham na mwanamume aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari mjini hapo. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Michael Bichard, ambao ripoti yake ilitolewa Juni 2004, ulionyesha kwamba polisi wa eneo alilokuwa akiishi awali walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa za kingono dhidi yake lakini taarifa hizo hazikutunzwa wala kupelekwa mbele ipasavyo. Alikuwa ameomba kazi kwa jina la ukoo tofauti na lile alilojulikana nalo zamani, na ingawa jina la zamani lilitajwa kwenye maombi, rekodi za polisi zilitafutwa kwa jina jipya tu. Shule nayo haikufuatilia ipasavyo historia yake ya kazi wala wadhamini wake. Ukizitazama moja moja, kasoro hizo ni za kawaida mno. Nyingi ni za aina inayotokea kila siku katika ofisi zenye shughuli nyingi. Miongoni mwa mapendekezo ya ripoti hiyo lilikuwamo la kuwapa wakuu wa shule mafunzo ya namna ya kuajiri kwa kuzingatia usalama wa watoto.

Kwa hiyo, andika wewe mwenyewe kwa mdhamini, na umwandikie kabla ya usaili ili majibu yake yakusaidie kutunga maswali. Mpelekee maelezo ya kazi pamoja na maswali mahususi. Alimfahamu mwombaji kwa muda gani na kwa nafasi gani? Tarehe za kuanza na kuacha kazi zilikuwa zipi, na aliacha kwa nini? Je, kumewahi kuwa na lalamiko, onyo la kinidhamu au wasiwasi wowote kuhusu mwenendo wake kwa watoto, hata kama halikuthibitishwa? Je, angemwajiri tena mtu huyu kufanya kazi na watoto? Swali hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu ni vigumu kulijibu kwa maneno ya heshima yasiyo na maana.

Barua ikirudi, piga simu. Namba usiichukue kwenye fomu ya mwombaji; itafute wewe kupitia kituo chenyewe au mamlaka inayokisajili, kisha uombe kuzungumza na aliyetia sahihi. Mtu anayesita kuandika huweza kusema kwa mdomo, na hata asiposema, sikiliza namna anavyojibu. Mdhamini anayesifu usafi na kuwahi kazini lakini anakwepa kila swali linalohusu watoto, anakueleza jambo. Mdhamini anayesema, "Sisi hutoa tarehe tu," huenda anafuata sera ya ofisi yake, lakini basi unahitaji mdhamini mwingine atakayesema zaidi. Linganisha tarehe alizotaja na zile za kwenye fomu. Ndugu, rafiki na kiongozi wa dini wanaweza kueleza tabia ya mtu kwa jumla, lakini hawawezi kushika nafasi ya mwajiri aliyemwona akiwa kazini na watoto.

Ikiwa mwombaji hakuwahi kuajiriwa, tafuta mwalimu wake wa chuo, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, au mtu ambaye mwombaji aliwahi kujitolea chini ya usimamizi wake. Ikiwa mwajiri wa mwisho hapatikani kwa sababu kituo kimefungwa, tafuta mfanyakazi wa zamani au mamlaka iliyokuwa ikikikagua. Tatizo la namna hii mara nyingi hutatuliwa kwa siku tatu za ziada, na siku tatu si nyingi.

Usaili

Usaili ufanyike ana kwa ana na watu wasiopungua wawili, ili mmoja aulize na mwingine aandike, na ili upendeleo wa mmoja usiamue peke yake. Waombaji wote waulizwe maswali ya msingi yaleyale. Maswali ya mapengo na mashaka yawe ni ya kila mtu kwa fomu yake. Waeleze mwanzoni kwamba baadhi ya maswali ni mazito, na kwamba huulizwa kila anayetaka kulea watoto hapa, hata ndugu wa mmiliki.

Epuka maswali ambayo jibu lake linajulikana, kama vile "Je, unapenda watoto?" Hakuna atakayesema hapendi. Uliza matukio. Mwombe aeleze siku ambayo mtoto alimkasirisha kwelikweli, na alifanya nini. Mlezi aliyekomaa atakiri hasira, atasema alijiondoa kidogo, akamwita mwenzake, akarudi akiwa ametulia. Anayesisitiza kwamba hajawahi kukasirishwa na mtoto ama hajafanya kazi hii kwa muda mrefu au hajiambii ukweli, na yote mawili yanahitaji kuchimbwa zaidi.

Mpe hali za kuamua. Umegundua kwamba mwenzako, ambaye pia ni rafiki yako, kila mchana humchukua mtoto mmoja hadi chumba cha nyuma na kufunga mlango, utafanya nini? Jibu la "nitazungumza naye kwanza tuyamalize" ni la kawaida sana na linatokana na moyo mzuri, lakini linamwacha mtoto hatarini na kumpa mhusika nafasi ya kujipanga. Unatafuta mtu atakayepeleka habari kwa msimamizi siku ileile, au ambaye, akielezwa kwa nini, anaelewa na kukubali. Muulize tena: mtoto wa miaka minne anataka kukwambia siri kwa sharti kwamba usimwambie mtu yeyote, utamjibuje? Muulize anaonaje kuhusu kumchapa mtoto, na umsikilize hadi mwisho bila kumwonyesha kwa uso jibu unalolitaka.

Zipo dalili zinazostahili swali jingine, ingawa peke yake si ushahidi: mtu anayesema watoto pekee ndio wanaomwelewa, anayewaona kuwa ni malaika wasiohitaji mipaka au, kinyume chake, kuwa ni watundu wa kunyooshwa, anayetaka sana kazi ya kuwa peke yake na watoto, au anayeudhika kila mipaka inapotajwa. Kila swali la namna hiyo lipate jibu lililoandikwa. Kabla ya kufunga usaili, muulize: "Tukizungumza na mwajiri wako wa mwisho, atatueleza jambo gani ambalo wewe hujatueleza?" Kisha nyamaza. Wasaili wengi hujaza ukimya huo kwa maneno yao wenyewe kwa sababu ya haya, na hupoteza jibu.

Ikiwezekana, mwombaji akae na watoto kwa nusu saa akiwa na mlezi wa kituo muda wote. Watoto hawapigi kura, lakini inaonekana waziwazi kama anainama kuzungumza nao usoni, kama anamwacha mtoto asiyetaka kushikwa, na kama anamtafuta aliyejitenga pembeni.

Vyeti, majina na rekodi ya jinai

Utambulisho uthibitishwe kwa hati halisi yenye picha, wala si kwa nakala. Vyeti vya taaluma vithibitishwe na chuo kilichovitoa. Hati ya polisi ya rekodi ya jinai itafutwe kwa majina yote yaliyotajwa kwenye fomu, na kwa mtu aliyeishi nchi nyingine, itafutwe huko pia. Panapokuwepo orodha ya kitaifa ya watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto, iangaliwe.

Mtu kuwa na kosa la zamani hakumaanishi moja kwa moja kwamba hafai. Kosa dhidi ya mtoto au kosa la kingono linafunga mjadala. Wizi mdogo wa miaka kumi na mitano iliyopita, uliotajwa na mwombaji mwenyewe kabla hujauliza, ni jambo la kupima kwa utulivu na kuandika sababu za uamuzi.

Kosa kubwa zaidi ni kuiamini mno hati safi. Hati hiyo inasema tu kwamba mtu huyu hajapatikana na hatia inayojulikana. Mwaka 2009, katika mji wa Plymouth nchini Uingereza, mfanyakazi wa kituo cha watoto wadogo alikiri kuwadhulumu kingono watoto aliokuwa akiwalea na kuwapiga picha kwa simu yake ya mkononi. Alikuwa mwanamke, rekodi yake ilikuwa imechunguzwa na kuonekana safi, na wenzake walikuwa na wasiwasi juu ya maneno yake machafu lakini hawakuthubutu kumkabili. Tukio hilo linatupa mafunzo ambayo karatasi haiwezi kutoa: jinsia ya mlezi si kinga, simu haina nafasi katika chumba cha watoto, na mahali ambapo wafanyakazi wanaogopana, mtoto hana mlinzi.

Uchunguzi huu uwahusu watu wote wanaofika karibu na watoto mara kwa mara. Mpishi, dereva, mlinzi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, anayejitolea na mume au mke wa mmiliki wote waingizwe. Kumbuka kwamba yule wa Soham hakuwa mwalimu. Matokeo yote yatunzwe katika daftari moja lenye jina la kila mfanyakazi, kila uchunguzi, tarehe yake na sahihi ya aliyeuona, ili mkaguzi au msimamizi mpya aweze kuona kwa dakika chache palipo na nafasi tupu. Daftari hilo lifungiwe kabatini, kwa kuwa lina habari za watu.

Siku ya kwanza hadi mwisho wa kipindi cha majaribio

Mtu asianze kazi kabla uchunguzi haujakamilika. Pakitokea dharura ya kweli na sheria ikiruhusu, basi aanze akiwa chini ya uangalizi wa macho muda wote, asibadilishe nepi, asipeleke mtoto chooni, asibaki na watoto waliolala, na mpango huo uandikwe na uwe na tarehe ya mwisho. Mimi binafsi ningependelea kuwaomba wazazi wachache wabaki na watoto wao siku hiyo kuliko kutumia ruhusa hii, lakini najua kwamba si kila mzazi anaweza.

Siku ya kwanza, kabla hajaingia darasani, mfanyakazi asome kanuni za maadili za kituo na kuzitia sahihi baada ya kuzizungumza na msimamizi. Ziseme wazi ni namna gani mtoto anashikwa na kubembelezwa, kwamba adhabu ya viboko na ya kumfedhehesha mtoto haipo, kwamba simu binafsi hukaa ofisini, kwamba picha hupigwa kwa kifaa cha kituo na kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, na kwamba hakuna urafiki wa siri na familia wala kumchukua mtoto nyumbani. Jengo lenyewe lisaidie: milango iwe na kioo, mahali pa kubadilishia nepi paonekane na mwenzake huku staha ya mtoto ikilindwa, na ratiba isimwache mtu mmoja peke yake asubuhi mapema au jioni.

Afundishwe pia la kufanya mtoto anapozungumza. Asikilize bila kushtuka, asiulize maswali yanayomwekea mtoto maneno mdomoni, asiahidi kutunza siri, amwambie mtoto kwamba amefanya vyema kusema, kisha aandike maneno yaleyale aliyoyasikia, pamoja na saa na tarehe, na ayapeleke siku hiyohiyo kwa mtu aliyeteuliwa kusimamia ulinzi wa mtoto kituoni. Mtu huyo awe na jina linalojulikana na kila mfanyakazi na kila mzazi, na awe na msaidizi wa kumpokea anayekuja kumlalamikia yeye mwenyewe.

Kipindi cha majaribio kitumike. Miezi mitatu au sita ipite kwa mazungumzo yaliyopangwa, mathalani wiki ya kwanza, ya nne, ya nane na ya kumi na mbili, na kwa msimamizi kuingia darasani bila kutoa taarifa. Asiyefaa aambiwe na aachwe ndani ya kipindi hicho. Kumwonea haya na kumthibitisha ni kuhamishia gharama ya haya yetu kwa watoto.

Mashaka madogo na tuhuma kubwa

Mengi yanayotia wasiwasi huwa madogo: mlezi mwenye mtoto kipenzi anayepewa zawadi, anayepuuza kanuni ya simu, anayetania kwa maneno yasiyofaa. Kila moja likichukuliwa peke yake linaonekana halina uzito wa kuripotiwa. Weka utaratibu wa kuyapokea na kuyaandika hayo yote, pasipo kumfanya anayeyaleta aonekane mchongezi, kwa maana matukio manne yaliyoandikwa na watu wanne tofauti huonyesha sura ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Mara nyingi matokeo yake huwa ni mazungumzo mafupi na mafunzo, basi. Mfanyakazi pia anayejikuta katika hali inayoweza kueleweka vibaya ajisikie huru kuja kuieleza mwenyewe.

Tuhuma kwamba mfanyakazi amemdhuru mtoto ni jambo jingine. Msimamizi hana mamlaka wala ujuzi wa kufanya upelelezi, na akianza kumhoji mtoto au mtuhumiwa anaweza kuharibu ushahidi. Mtoto ahakikishiwe usalama na matibabu, mtuhumiwa aondolewe karibu na watoto bila kutamkwa kuwa na hatia, mamlaka ya ustawi wa jamii au polisi waarifiwe siku hiyohiyo, na kila hatua iandikwe. Wazazi wajulishwe kwa namna itakayoelekezwa na wanaochunguza. Asiwepo mtu kituoni wa kusema, "Tuyamalize wenyewe ili tusiharibu jina la kituo."

Mfanyakazi anapoondoka

Kujiuzulu kwa mtuhumiwa kusisitishe uchunguzi. Vituo vingi, kwa kuchoka au kwa kuogopa kesi, hukubali mtu aondoke kimya kimya na barua nzuri, na barua hiyo ndiyo inayomfungulia mlango wa kituo kinachofuata. Marekani ililiona hili kuwa zito kiasi kwamba sheria yake ya elimu ya mwaka 2015 inazitaka mamlaka za elimu zinazopokea fedha chini yake ziwe na kanuni za kukataza kumsaidia mtu kupata kazi mpya pale inapojulikana, au inapoaminika kwa sababu za msingi, kwamba alifanya vitendo vya kingono na mtoto au mwanafunzi kinyume cha sheria.

Fanya mazungumzo ya kuaga na kila anayeondoka, na umuulize kama kuna jambo lililomtia wasiwasi kuhusu watoto ambalo hakulisema alipokuwa kazini. Anayeondoka huogopa kidogo kuliko anayebaki. Kisha, atakapokupigia simu mwajiri mwingine akiwa na maswali yaleyale uliyowauliza wengine, fungua jalada, soma yaliyomo, na umjibu kwa ukweli uliothibitishwa, pamoja na lile swali la kama ungemwajiri tena.